Nilibadilisha kila kitu kwenye bunduki yangu ya shabaha, isipokuwa mto wa mama

Wakuu, salaam kutoka huku Malindi kwenye joto.

Nawaletea kisa changu mwenyewe, na ni cha kweli. Kingekuwa cha kutunga ningejipamba kidogo, lakini mtaona wenyewe kwamba humu ndani sijapambika hata kidogo.

Mimi ni mpenzi wa mchezo wa kulenga shabaha. Shabaha za karatasi, wakuu. Si ndege, si swala, si jirani.

Nina bunduki ndogo ya .22, semi-automatic, yaani ukifyatua mara moja inatoa risasi moja, kisha inajipakia yenyewe ikakungoja. Ina kibali chake, na inalala kwenye stoo ya chuma ya klabu yetu. Kwangu haijawahi kulala hata siku moja.

Nasema haya mapema kwa sababu nawajua. Kuna mtu sasa hivi ameshaanza kuandika "mkuu, nipe connection." Hakuna connection. Kuna ofisi ya leseni, kuna foleni, na kuna maswali mengi sana. Nenda kapange foleni kama tulivyopanga sisi.

Tuendelee.

Uwanja wetu uko bara ya Gede. Unaacha lami, unaingia ndani kwenye mashamba ya mihogo na mahindi mpaka unaona tuta kubwa la udongo. Mbele ya lile tuta ndipo karatasi zinapowekwa, na huku mita hamsini nyuma kuna banda la makuti lenye meza za saruji, na viti vya saruji vilivyojengwa pamoja na meza zake. Fundi aliyejenga vile viti sijui alikuwa amekosana na binadamu gani. Ukikaa pale asubuhi nzima, unarudi nyumbani umeshika kiuno.

Tuko wachache. Nitawatajia wawili tu, maana ndio walioniona nikihangaika tangu mwanzo.

Wa kwanza ni Kirit bhai. Ana duka la vitambaa mjini, na ukoo wao uko Malindi tangu enzi za babu zake. Mpole, mchache wa maneno, na ana tabia moja mbaya ya kulenga vizuri.

Wa pili ni Kazungu, msimamizi wa uwanja, Mgiriama wa Magarini, askari mstaafu wa wanyamapori. Pale uwanjani neno la mwisho ni lake. Akipandisha bendera nyekundu, kila mtu anaweka chini alichoshika na anarudi nyuma, hata awe nani huko atokako.

Sasa nije kwa mama yangu, maana bila yeye hakuna uzi.

Mama alizaliwa kaskazini, kule mbele ya Lamu. Akiwa mtoto, wakati wa vita vya shifta, walisikia milio ya bunduki kijijini, babu akawakusanya, wakatoka na walichovaa. Walitembea mpaka pwani, wakapata chombo, wakashukia Malindi. Hawakurudi tena. Mpaka leo, mtu akipasua fataki harusini, mama huinuka taratibu akaingia ndani, akakaa huko mpaka ziishe. Sisi watoto tumekua tukiona hivyo, tukajua tu kwamba ndivyo alivyo.

Basi fikirieni siku niliyomwambia kwamba nimejiunga na klabu ya kulenga.

Hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza. Alinyamaza, akaendelea kushona kofia yake. Na tangu siku hiyo, kwa muda mrefu sana, hakuwahi kuniuliza Jumapili nakwenda wapi. Nikimpitia asubuhi kumwamkia kabla ya kwenda Gede, ananijibu salamu, ananipa chai, halafu anazungumza mambo ya paka wa jirani.

Iliniuma, wakuu, siwafichi. Mimi ni mtu mzima, nina duka langu la spea, nina watoto wanaonizidi urefu. Lakini nilikuwa nikikaa pale kwenye meza nikijua mama yangu hataki niwe pale. Nilifikiria mara kadhaa kuacha. Na mara kadhaa nilifika hadi kwa Kazungu kumwambia naacha, nikajikuta nimeshika bunduki.

Halafu siku moja, baada ya mwezi mzima wa Ramadhani ambao sikwenda uwanjani kabisa, nikampitia asubuhi nikiwa njiani kwenda. Akaingia chumbani, akatoka na mto.

Mto wa sufi. Kitambaa cha kijani, umetariziwa maua pembe zote nne kwa mkono wake. Mama ni mshonaji wa kofia tangu ujana wake, kwa hiyo sisemi maua ya mchezo mchezo. Yale ni maua ambayo mtu ameyainamia majuma mazima.

Akanipa, akasema, "Chukua, uende nao huko uendako."

Basi. Akarudi kwa kofia yake.

Wakuu, niliingia kwenye gari nikakaa kwanza. Nilielewa kwamba mama amenipa radhi. Hajaipenda ile kazi, lakini amekubali kwamba mwanawe anaifanya. Niliufuta uso, nikawasha gari.

Sasa hapa ndipo akili yangu ilipofanya kazi kwa kasi kupita kiasi.

Kwenye mchezo wetu, bunduki huwekwa juu ya kimfuko cha mchanga pale mezani ili itulie. Kila mtu anajua hivyo. Mtu anakwenda kulenga, mama yake anampa mto. Mto huo utakuwa wa nini? Sikuuliza. Nilifika, nikakisukuma pembeni kimfuko cha klabu, nikaweka mto wa mama, na juu ya mto nikalaza bunduki kama bibi harusi.

Kirit bhai akautazama. Akaupapasa ule utarizi kwa kidole, mtu wa vitambaa yule. Akasema, "Mto mzuri. Mama ana mkono."

Kazungu akautazama mto, akanitazama mimi, akaenda kuangalia kamba ya bendera.

Nikaanza kufyatua.

Matundu kwenye karatasi yalianza vizuri, halafu yakaanza kupanda. Mengine yakashuka. Mengine yakaenda zake upande wa Watamu. Mwanzo nilisema ni kwa sababu sijagusa bunduki mwezi mzima. Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Na iliyofuata tena.

Hapo ndipo nilipopandwa na ugonjwa ambao wenzangu kwenye mchezo huu mnaujua vizuri. Ugonjwa wa upgrade.

Nikaanza na risasi. Niliambiwa kila bunduki ina risasi inayoipenda, na ni kweli kabisa, hilo silipingi. Nikaagiza za kila aina zilizoko dukani. Bunduki yangu haikupenda hata moja.

Nikahamia kwenye skopu. Ile ya zamani niliishusha, nikapandisha mpya ambayo unaona mpaka nzi aliyetua kwenye karatasi. Ikawa sasa naona kwa uwazi zaidi jinsi ninavyokosa.

Nikabadilisha kitako cha bunduki, nikaweka kile unachokirefusha na kukifupisha ukalaza shavu vizuri. Shavu likalala vizuri. Matundu yakaendelea kutembea.

Nikasema basi ni triga, kile cha kufyatulia. Bunduki ikaenda Mombasa kwa fundi mwenye leseni, na barua zake zote, ikarudi na triga laini kama siagi ya mchana. Kwa kuwa ilikuwa laini, na bunduki inajipakia yenyewe, nikawa nafyatua upesi zaidi. Na kwa kuwa nafyatua upesi zaidi, nikawa nakosa upesi zaidi.

Nyumbani mke wangu Zuhura aliacha kuuliza nini kimeingia na akawa anauliza nini kimebaki. Kazungu naye alinivumilia mpaka siku niliyomwambia nafikiria kubadilisha mtutu. Akasema nikimaliza mtutu nibadilishe na jina, labda mkosi uko huko.

Na muda wote huo, wakuu, kila Jumapili nikitoka uwanjani nampitia mama. Na sasa, kwa mara ya kwanza tangu nianze mchezo huu, mama alikuwa anauliza.

"Mto wakufaa?"

"Wanifaa sana, mama."

Anatikisa kichwa, anafurahi. Furaha ile mimi nilikuwa siiuzi kwa skopu yoyote duniani.

Ikafika siku mama akaniambia niuache mto aufue na kuuanika. Nikauacha. Nikaenda uwanjani mikono mitupu, nikatumia kimfuko cha mchanga cha klabu, kile kichafu chenye kiraka.

Matundu yakakusanyika. Yote. Ungeweza kuyafunika na kifuniko cha soda.

Mnadhani nilishtuka? Sikushtuka. Nilisimama pale nikamweleza Kirit bhai kwa kirefu jinsi triga mpya ilivyoanza kuzoeana na kidole changu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Inawezekana."

Jumapili iliyofuata mto umefuliwa, unanukia jua na asumini. Nikaurudisha mezani. Matundu yakarudi Watamu.

Hapo, wakuu, hata mimi nikaelewa. Niliketi nikautazama ule mto. Sufi ni laini, inadunda. Ukifyatua, bunduki inaruka kidogo, na kile chuma cha ndani kinarudi nyuma kupakia, kinaitikisa tena. Juu ya mchanga inatulia papo hapo. Juu ya mto wa sufi bado inabembea, na mimi huku na triga yangu laini nimeshafyatua ya pili. Nilikuwa nalenga nikiwa kwenye pembea.

Nikamgeukia Kirit bhai, nikamuuliza kama alijua.

Akafungua chupa yake ya chai, akamimina taratibu. Akasema, "Bakari, mama yangu mwisho wa maisha yake alikuwa akitia chumvi kwenye chai. Nyumba nzima tulikunywa, na tukaomba kikombe cha pili. Sasa mimi nikuambie wewe kuhusu mto?"

Kazungu alikuwa nyuma yetu. Sikumuuliza. Alikuwa ameanza kuangalia kamba ya bendera.

Klabu nzima ilijua, wakuu. Klabu nzima. Waliniona nikibadilisha risasi, skopu, kitako, triga, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu mto ni wa mama. Wale mlio bara mtasema huo ni unafiki. Sisi huku tunauita adabu, na mimi mwenyewe ningefanya vile vile.

Sasa tatizo langu likawa kubwa kuliko kukosa shabaha. Klabu ilikuwa inakaribia kuchagua timu ya kwenda kushindana Mombasa, na nafasi moja ilikuwa bado wazi. Niliitaka ile nafasi. Lakini kuipata ilibidi niuondoe mto, na mto ule ndio neno la kwanza jema mama aliloniambia kuhusu mchezo huu. Nikimrudishia nitakuwa nimemwambia radhi yake hainifai.

Nikafanya alichofanya kila mwanamume mwoga tangu magari yaanze kuwa na buti. Nikauficha kwenye buti.

Nalenga kwa mchanga, narudi, nampitia mama.

"Mto wakufaa?"

"Wanifaa sana, mama."

Na mto uko nje kwenye buti, umelaliwa na jeki.

Nilimwomba Zuhura aufumue, atoe sufi, atie mchanga, halafu aushone kama ulivyokuwa. Akanitazama kwa huruma. Akasema mama anaijua mishono yake kama mtu anavyojua watoto wake, na kama nataka kutafuta matata nimtafute fundi mwingine, yeye hayumo.

Ningeendelea hivyo labda mpaka leo. Lakini Jumatano moja Kirit bhai alinipigia simu dukani. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeona moshi.

Akaniambia mama yangu amefika mwenyewe dukani kwake, amechagua vitambaa, rangi tofauti tofauti. Alipomuuliza vya nini, akamwambia ule mto umenifaa sana hata ameona vibaya kuwaacha wenzangu, kwa hiyo anamshonea kila mtu wa klabu wake. Kisha akamuuliza yeye anapenda rangi gani.

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nikasema rangi ya machungwa," akasema Kirit bhai. "Ningesema nini? Amesimama mbele yangu."

Nikaona timu nzima ya Malindi imekwenda Mombasa, bunduki zote zimelala kwenye mito ya sufi yenye maua, na matundu ya Pwani nzima yameelekea Watamu.

Nikafunga duka, nikaenda kwa mama mchana ule ule.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka, mbele yake ungo umejaa sufi, anachambua mbegu. Vitambaa vimekunjwa pembeni. Cha rangi ya machungwa kilikuwa juu kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Saa hizi? Dukani kwema?"

"Kwema." Nikakaa. Nilikuwa nimejipanga njia nzima, nina maneno mazuri ya kuzunguka. Yote yakanipotea. "Mama, ule mto."

"Umechanika?"

"Haujachanika. Ni laini mno, mama. Bunduki haitulii juu yake."

Akaacha kuchambua. Kipande cha sufi kimemganda kidoleni, hakukitoa.

"Bunduki imefikaje juu ya mto?"

Nikamweleza. Meza, kimfuko cha mchanga, bunduki, mto. Nikamweleza na matundu, na skopu, na triga, na jinsi nilivyoona haya kumwambia. Nilisema yote bila kumtazama. Nilipomaliza nikangoja ule ukimya wake wa zamani.

"Mimi niishonee bunduki mto?" akasema. "Bunduki ina mgongo?"

Nikautazama ungo.

"Nimekushonea wewe. Kila Jumapili warudi wajikokota, umeshika kiuno, huwezi kuinama kuvua viatu. Nikasema huyu hasikii. Basi kama hasikii, na akae vizuri."

Wakuu, mwaka mzima mto wa mama yangu ulikaliwa na chuma, na mimi mwenyewe nilikalia saruji.

Nikasema, "Nisamehe, mama."

Na hapo mama akacheka. Alivuta leso akaziba mdomo, lakini mabega yalikuwa yanatikisika, na sufi ikaanza kuruka kutoka kwenye ungo na kutua kwenye nywele zangu. Alicheka mpaka akafuta macho. Sikuwahi kumwona akicheka juu ya jambo lolote lenye neno bunduki ndani yake. Nilikaa pale nimejaa sufi kichwani, na sikutaka aache.

Jumapili ile niliweka mto mahali pake, kwenye kiti, nikaukalia. Bunduki juu ya mchanga.

Na niwaambie jambo, kwa wale mnaopenda mambo ya kitaalamu. Vile viti vya saruji ni vifupi kwa meza zake. Miaka yote nilikuwa nalenga nimenyanyua mabega, shingo imekakamaa. Mto uliponiinua kidogo, shavu likaja kwenye kitako lenyewe bila kulazimishwa. Nikarefusha kitako kidogo, nikaacha kuiharakisha triga, nikawa nashusha pumzi kati ya risasi na risasi. Matundu yakakaa pamoja kuliko siku ile ya kimfuko peke yake. Upgrade niliyokuwa natafuta ilikuwa kwenye buti chini ya jeki.

Mito ya wenzangu ikaja baadaye, mmoja mmoja. Ukifika uwanjani sasa hivi utaona watu wazima wamekalia maua. Hata Kazungu ana wake, wa buluu, na anaufungia stoo ya chuma pamoja na bunduki.

Ikakaribia siku ya kuchagua timu. Siku mbili kabla, mama akaniambia, huku anamimina chai, "Jumapili wanipitia. Nataka kuona."

Niliweka kikombe chini. Nikamwambia si lazima. Nikamwambia kuna mlio, hata kama ni mdogo. Akasema anajua kuna mlio, na kama sitampitia atamwambia Kirit.

Nikampitia.

Kazungu alimwamkia shikamoo, akamvalisha vile vya kuziba masikio juu ya mtandio, akavirekebisha kwa utaratibu mkubwa. Aliweka kiti chake nyuma kabisa, karibu na gari, na mlango wa gari akauacha wazi. Akaninong'oneza kwamba mama akitaka kuondoka wakati wowote, tutasimamisha uwanja.

Mtu wa kwanza akafyatua. Niligeuka. Mama alikuwa ameushika mlango wa gari kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Nilitaka kwenda. Akafumbua macho, akaniona, akanipungia mkono nigeuke mbele.

Zamu yangu ilifika, nikakaa juu ya mto nikalenga. Sijawahi kulenga vizuri vile maisha yangu yote, wakuu, na nasema hivyo nikijua yaliyofuata.

Yaliyofuata ni kwamba baada yangu alikuja Kirit bhai, akakalia mto wake wa rangi ya machungwa, ulioshonwa na mama yangu mzazi, akanipita kwa pointi moja.

Pointi moja. Nafasi ikawa yake. Akanijia uso umejaa haya, nikamwambia aende zake na mto wake. Kisha nikamkumbatia, maana ningefanyaje.

Bendera nyekundu ikapanda, bunduki zikawekwa chini. Nilipogeuka, mama hakuwa kwenye kiti. Nikatazama kwenye gari. Hakuwemo. Alikuwa amekuja mbele mwenyewe, amesimama nyuma ya meza yangu, vile vya masikioni amevishusha shingoni.

Kazungu alileta karatasi. Mama akaichukua yangu, akapitisha kidole juu ya matundu. Nikaanza kumweleza kwamba nimekosa nafasi kwa pointi moja, kwamba mwakani nitajaribu tena. Sidhani kama alikuwa ananisikiliza.

Alikuwa anawatazama watu. Mmoja anamenya chungwa. Kirit bhai anamimina chai. Wawili wanabishana kuhusu mpira, bado wamekalia mito yao.

"Mimi nilijua jambo moja tu," akasema. "Ikilia, watu hukimbia." Akanirudishia karatasi. "Leo imelia asubuhi nzima, na watu wamekaa."

Kisha akamwomba Kirit bhai kikombe cha chai, akaketi kwenye kiti changu.

Basi, wakuu, nililojifunza ni hili. Kabla hujafungua bunduki, angalia ulichokiweka chini yake, na angalia ulivyokaa. Na kama kuna mtu amekupa kitu kwa mkono wake, muulize ni cha nini. Mimi nilidhani kumuuliza mama kungemvunjia heshima. Kumbe kilichomvunjia heshima ni kuulaza mto wake pale chini ya jeki.

Wenye mchezo huu, niambieni mnatumia nini chini ya bunduki, na mnakalia nini. Wenye mama mliowaficha kitu kwenye buti, semeni pia, hapa hakuna atakayewacheka kuliko nilivyochekwa mimi.

Na wewe Kirit bhai, najua uko humu unasoma kimya kimya na jina lako la bandia. Sema kitu. Na mama anauliza unataka wa pili wa rangi gani.